Mnyama Asiyecheua

Waorma, watu wa ng'ombe, wana neno la farasi: farda. Katikati ya miaka ya hamsini hakukuwa na Morma hata mmoja pale Garsen, kando ya mto, aliyewahi kumwona farasi kwa macho yake, lakini neno lilikuwapo, limekaa ndani ya lugha bila kazi, likirithishwa pamoja na habari za mababu waliowapanda wanyama hao wakaogopwa kote. Molu Wario alilipata kwa bibi yake. Na ni neno hilo, si elimu wala ujuzi, lililompatia kazi ya serikali akiwa na miaka hamsini na kitu, hana hata ndama mmoja.

Mambo yalikuwa hivi. Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akisimamia sehemu ile, alichoka kukwama. Gari lake lilizama kwenye tope jeusi la mbugani kila alipokwenda kuonana na wafugaji, akawa anarudi kwa miguu, suruali imeganda matope mpaka magotini. Basi akaagiza farasi, akaletewa kwa lori kutoka nyanda za juu. Alikuwa dume aliyehasiwa, rangi ya kahawia yenye wekundu, na doa jeupe kwenye paji la uso. Jina lake Meja. Askari wa kituo walipolisikia jina hilo walimpigia saluti, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa mazoea.

Sasa akatakiwa saisi, mtu wa kumtunza. Karani wa kituo, Jairus, Mpokomo wa Golbanti aliyesomea misheni, ndiye aliyetumwa kumtafuta. Aliuliza dukani, akauliza kivukoni, wote wakamcheka. Molu alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka, mahali alipozoea kuketi tangu ng'ombe wake wafe. Alipoulizwa kama anamjua farasi alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha kununulia chumvi:

"Mimi najua jina yake."

Jairus alikuwa na jua la saa saba kichwani. Alikwenda moja kwa moja kumwarifu Bwana Shauri kwamba amepatikana mtu anayejua farasi.

Wala Molu asichekwe kwa hilo. Alikuwa na ng'ombe arobaini na watatu, na kiangazi kimoja pamoja na maradhi yaliyokifuata viliwamaliza wote. Mfugaji akifikia hapo ana njia mbili: awafuate jamaa zake mbugani akachunge ng'ombe wa watu, au ashuke Garsen ajifanye ana shughuli. Molu alishuka Garsen, kwa kiburi tu. Mkewe, Gumato, alisuka vyombo vya maziwa kwa ajili ya wanawake ambao bado walikuwa na maziwa ya kutia. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna mnyama wa miguu minne anayetaka kulishwa, hata akiwa kifaru, atakwenda.

Banda la Meja lilijengwa kwa udongo na miti, na matundu yake ya hewa yakazibwa kwa wavu wa waya kwa sababu ya mbung'o. Inzi huyo humwangusha farasi upesi kuliko anavyomwangusha ng'ombe, na vichaka vyote vya kando ya mto vilikuwa milki yake. Bwana Shauri alimpanda Meja alfajiri, akamrudisha kabla jua halijakaza, na mchana kutwa mnyama alikaa ndani. Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha Bwana Shauri akaenda likizo Ulaya miezi sita, akaacha amri iliyoandikwa: farasi asipandwe na mtu, asitolewe nje, apewe nyasi asubuhi na jioni, pumba mara moja kwa siku, maji safi wakati wote. Molu aliishika amri ile barabara. Saa ya kulisha ilipofika alilisha, banda alilifagia, akafunga mlango, akaenda zake barazani akiwa mtu mwenye kazi.

Mwezi wa pili Meja alianza kucheza. Ndivyo walivyosema. Alisimama mlangoni, kichwa juu ya komeo, akaegemea mguu wa kushoto, akaegemea wa kulia, shingo ikipepea huku na huku bila kupumzika. Jairus aliona akafurahi, akasema huyu amezaliwa Ngao, kwa Wapokomo wenzake wapenda ngoma. Wanawake wa Kipokomo waliotoka mashambani walitua vikapu vyao wakampigia makofi, na kweli ilionekana anafuata mapigo. Wazee waliotoka sala ya adhuhuri wakakataa habari ya ngoma. Walisema anavuta dhikri, na kwamba ni dhahiri mnyama huyu ni wa upande wao. Kwa siku kadhaa pakawa na ubishi mtamu kati ya msikiti na misheni juu ya dini ya farasi, na Molu, mwenye farasi, akawa mtu wa kusalimiwa kwanza.

Alimleta Gumato aje aone. Gumato alitazama muda mrefu, mikono imefungwa kifuani. Halafu akasema amewahi kumwona mtu akifanya vile: shangazi yake, alipofiwa na mtoto. Alikaa mlangoni pa nyumba akiyumba hivyo hivyo tangu asubuhi hadi jua kuchwa.

"Na hakuna aliyempigia makofi, baba Asli," alimwambia mumewe, akachukua mzigo wake wa ukindu akaenda.

Molu alikasirika siku nzima. Alikasirika kwa sababu alijua. Mbavu za Meja alikuwa ameshaziona zinatokeza, na ukingo wa hori ulikuwa umegugunwa mpaka mbao imebaki na kiuno. Alikuwa ameona yote hayo na kujiambia kwamba huenda farasi ndivyo walivyo.

Kabla mvua haijashika sawasawa akapita daktari wa mifugo, Mzungu mfupi mwenye kiko. Huyo hakupiga makofi. Alizunguka banda, akapitisha kidole kwenye mbao iliyoliwa, akaushika ubavu wa Meja, akasimama akimtazama anavyoyumba. Kisha akazungumza, Jairus akifasiri. Alisema huyu haumwi homa wala ugonjwa wa inzi. Amefungiwa na hana la kufanya, na mnyama wa aina hii asipokuwa na la kufanya akili yake hujila yenyewe. Kumweka ndani ni sawa, mbung'o wapo. Anaweza kutolewa alfajiri tu, wakati inzi hawajaamka. Lori halitaweza kupita mpaka mvua zikatike na mto urudi mahali pake. Bwana Shauri ataandikiwa barua, na zikikatika atakuja nalo, yeye mwenyewe, na akimkuta ameacha, atampakia ampeleke kwenye baridi ambako hakuna mbung'o. Akimkuta hivi alivyo, atampiga risasi papo hapo, maana kumwacha aendelee ni ukatili. Aliyasema hayo bila ukali wowote, kama mtu anayetaja siku ya safari yake.

Molu alielewa kabla Jairus hajamaliza kufasiri. Meja angeondoka, kwa vyovyote. Lililobaki ni moja: aondoke kwa miguu yake, au aburutwe nje na askari wanne. Alijikuta analitaka lile la kwanza kwa nguvu ambayo hakujua kama bado anayo.

Kesho yake alifanya jambo ambalo, aibu iliyoje, hakuwa amelifanya siku hata moja. Alikaa akamtazama. Alimpa nyasi asubuhi, akageuza ndoo, akakalia.

Ili ulielewe kosa lake ni lazima ujue ng'ombe wanavyoishi. Ng'ombe ukimpa majani hufakamia, anameza ovyo ovyo bila kutafuna vizuri, kwa kuwa anajua ana nafasi ya kuyarudia. Akishiba hulala kivulini, huyapandisha tena mdomoni tonge kwa tonge, anacheua nusu ya siku, macho yamelegea. Hapo hahitaji mtu. Mchungaji anayemwona ng'ombe wake akicheua hujua mambo ni salama, hujinyoosha akalala naye. Molu alimlisha Meja namna hiyo kwa miezi mitatu: lundo asubuhi, lundo jioni, na katikati alimwachia nafasi yake ya kucheua.

Meja alimaliza nyasi kivuli cha banda kikiwa bado kirefu. Molu akangoja taya lianze. Ikafika adhuhuri, akasali pale pale, akarudi kwenye ndoo. Ikafika alasiri. Taya halikusogea. Meja aliyumba, akaguguna mbao, akayumba. Molu aliona labda koo limeziba, basi akamfungua mdomo kama anavyofunguliwa ng'ombe, kidole gumba kwenye ufizi wa mbele wa juu, pale ambapo ng'ombe hana meno. Meja anayo. Molu alitoka bandani kidole kinavuja damu, akaenda ofisini kwa Jairus.

"Karani," alisema, "hii hapana cheua. Amemaliza kula, amemaliza siku."

Jairus alianza kucheka, kisha akaona uso wa mzee, akaacha. Akamtafutia kitambaa cha kufungia kidole.

Molu aliliwaza jambo hilo njia nzima ya kwenda nyumbani. Ng'ombe aliyefungiwa ana mbuga tumboni mwake, anaipandisha na kuitafuna tena akiwa gizani. Huyu maskini hana cha kupandisha. Kinachoingia kinashuka moja kwa moja, na baada yake ni ukuta wa udongo hadi jioni. Na yeye, Molu, ambaye watu walikuwa wakimletea mifugo yao aitazame, alimfuga miezi mitatu kwa adabu za mnyama mwingine. Alijiona mjinga, na safari hii alikuwa na haki.

Alianza na nyasi. Jairus alimletea kutoka kwa mjomba wake kipande cha wavu wa kuvulia samaki, wenye macho madogo. Molu akazisindilia nyasi humo, akautundika juu, ili Meja avute ujani mmoja mmoja. Karani, ambaye alizaliwa kuheshimu maandishi, alikuwa na wasiwasi kwamba amri inasema nyasi asubuhi na jioni. Molu alimwambia asubuhi ameshaziweka, na amri haisemi farasi ale upesi. Lundo lililokuwa likiisha kivuli kikiwa kirefu sasa lilifika saa sita.

Halafu akaja mbuzi. Wa kwanza alikuwa mpole na Meja akamng'ata mgongo. Wa pili alikuwa jike mzee mwenye roho mbaya, aliyefukuzwa na nyumba mbili kwa tabia ya kupiga watoto pembe. Meja alimng'ata, yeye akamrudishia kwa kumpiga kichwa gotini, na kuanzia hapo wakaelewana kabisa. Wakawa wanaibiana nyasi na kusukumana, wakalala wameegemeana. Molu alipasua pia dirisha upande wa kivuko, akalitia wavu wa waya, na Meja akagundua kwamba dunia ina watu wanaovuta kamba ya kivuko, wanaogombania nafasi, wanaoangusha kuku majini. Alikuwa akitazama masikio yamesimama mbele, kama mzee aliyepata baraza nzuri.

Kibuyu kilitoka kwa Gumato. Aliona mumewe anarudi nyumbani ananuka farasi, hasemi ila habari za farasi, akauliza mke mwenza anaendeleaje na kama ameshashika mimba. Lakini alisikiliza. Siku ya pili akatoa kibuyu cha zamani kilichovuja, akakitoboa mwenyewe kwa chuma cha moto, matundu mawili, akipima kwa punje ya mahindi mpaka ipite kwa shida. Kikitiwa mahindi, kikawekwa chini na kusukumwa kwa pua, kinabingirika na kudondosha punje moja, labda mbili, labda hakuna. Siku ya kwanza Meja alikiogopa akajibanza pembeni. Siku ya pili mbuzi alimwonyesha. Siku ya tatu ukipita nje ungesikia kibuyu kikigonga kuta zote nne.

Siku ya tano alikikanyaga akakipasua makusudi. Hapo Molu alijifunza jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha: kitu kizuri kikiachwa bandani siku zote kinakuwa sehemu ya ukuta. Gumato akatoboa kingine, na Molu akawa anakiondoa Meja angali anakitaka. Leo kibuyu, kesho kipande cha muwa kinachoning'inia kwa kamba na kukwepa mdomo, kesho kutwa koma, tunda la mkoma, lililofungwa juu ya mlango. Alfajiri walitoka, Molu mbele ameshika chungu cha kinyesi kinachofuka moshi, jinsi wanavyofukizia ng'ombe, na hawakupita njia moja siku mbili mfululizo. Mbavu zikaanza kujificha. Meja aliyumba saa moja tu kwa siku, kisha nusu saa, kisha Molu akakosa kumwona akiyumba siku tatu.

Ndipo mto ukafurika.

Maji yalikuja kama yanavyokuja, bila fujo, asubuhi moja yakiwa mashambani na ya pili yakiwa chini ya ngazi ya ofisi. Kituo kikawa kisiwa. Matembezi ya alfajiri yakakoma. Kivuko kikasimama, kamba imezama, na dirishani pa Meja palibaki maji mekundu tu yakipita. Nyasi zilikuja kwa mtumbwi, kidogo na zimelowa, wavu ukaisha mapema. Muwa hakuna, makoma hakuna, mahindi yalihifadhiwa kwa ajili ya watu. Siku ya nne ya mafuriko Meja alisimama mlangoni akaanza tena, kushoto, kulia. Hata mbuzi hakuweza kumtoa pale.

Molu aliingia akasimama upande wake wa kushoto. Alikuwa amemaliza mbinu zote. Hakuwa na kitu mkononi, na mtu asiye na kitu mkononi hubakia na mdomo. Akaanza kusema, kwa Kiorma, la kwanza lililomjia. Alisema, "Dimtu." Huyo alikuwa ng'ombe jike mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda, wa uzao wa ng'ombe aliyekuja na mama yake Molu alipoolewa. Tangu afe hakuwa amelitamka jina hilo. Wala lake wala la mwingine yeyote kati ya wale arobaini na watatu, kwa mtu yeyote, hata kwa Gumato. Alikuwa ameyafungia kana kwamba kuyataja ni kuwaua tena.

Sikio la Meja likageuka.

Basi akaendelea. Dimtu alimzaa Burre, wa madoa, mwizi wa mashamba ya Wapokomo, aliyewaletea kesi tatu. Burre alimzaa Gurati, mweusi, aliyekataa kukamuliwa na mtu yeyote ila Gumato. Alieleza nani alikuwa mkaidi kisimani, nani alizaa pacha mwaka wa mvua nyingi, nani alikufa wa kwanza na nani wa mwisho. Alikuwa akilia bila kujua ameanza saa ngapi. Alipofuta uso aliona Meja amesimama tuli, kichwa kimeshuka usawa wa bega lake, pumzi ya joto inampiga mkononi.

Kwa siku kumi na mbili za maji alikuwa akiingia bandani baada ya sala ya alasiri na kusema hadi magharibi. Askari walisikia mngurumo wa sauti wakadhani anasoma dua. Aliwamaliza arobaini na watatu akawaanza upya, na mara ya pili alikumbuka aliyoyasahau mara ya kwanza. Kitu kimoja alikiona wazi kabisa: kwamba ni yeye aliyekuwa akicheua, na farasi alikuwa akikaa naye. Jambo hilo halikumtia haya.

Mto ulirudi. Tope likakauka, likapasuka, na Jumatano moja lori likatokea ng'ambo, likavushwa. Daktari alishuka na kiko chake. Nyuma ya kiti cha dereva Molu aliiona bunduki, imeviringishwa kwenye gunia.

Daktari alimtazama Meja, Molu akiwa amesimama pale pale, na Meja alikuwa kama bwana harusi. Hakuyumba hata kidogo. Lakini yule Mzungu hakuwa mtoto. Alimwambia Jairus amweleze mzee atoke, aende asikoonekana, asiseme neno, kwa saa nzima. Farasi anayetulia kwa sababu ya mtu wake hajapona, alisema, kwa sababu huko anakokwenda mtu wake hatakuwapo.

Ilikuwa haki, na kwa hiyo ilimuuma Molu zaidi. Alikwenda nyuma ya ofisi akaketi chini, mgongo ukutani, askari mmoja amesimama pembeni kumlinda asije akatia ujanja. Haoni kitu. Alisikia kibuyu kikigonga, mara moja, mara mbili, halafu kimya. Kimya ndicho alichokiogopa. Farasi akiyumba hapigi kelele, ila ukiwa na sikio zuri unasikia kwato zikipokezana uzito kwenye udongo. Molu alifunga macho akasikiliza. Akazisikia. Du. Du. Du.

Kisha zikakoma, na Meja akalia. Ulikuwa mlio mrefu, unaopanda na kukatika, ambao hakuwahi kuutoa hata siku moja akiwa Garsen. Molu alikuwa amekwisha kusimama kabla hajajua amesimama. Askari alitikisa kichwa, naye akaketi tena. Meja akalia mara ya pili. Katika maisha yake Molu alikuwa amewaona ng'ombe arobaini na watatu wakifa, na bado ilimwia vigumu kuliko yote hayo kukaa chini ya ukuta ule, anaitwa, asiitike.

Muda ulipokwisha Jairus alikuja mwenyewe, anakimbia na viatu vyake vya ofisi.

"Mzee Molu, ameyumba kidogo," alisema, akahema. "Halafu ameacha mwenyewe. Akageukia mlango, akaita, akangoja, akarudi kwenye nyasi zake. Daktari anasema aliyekwisha kuharibika haiti mtu. Anayeita bado anatumaini kitu. Anaondoka naye sasa hivi, kabla njia haijaharibika."

Molu alimshukuru Mungu kwa sauti, na moyo wake ukavunjika palepale, vyote viwili kwa pamoja, na hakujaribu kuvitenganisha.

Meja alipanda ubao wa lori kwa miguu yake, mbuzi nyuma yake, maana daktari alikubali mbuzi aende. Daktari alitaka jambo moja zaidi: mzee aseme alichokifanya, karani aandike, apewe saisi wa huko. Jairus alilaza karatasi juu ya bodi ya mbele ya lori, injini ikinguruma. Molu akasema habari ya wavu, ya kibuyu, kwamba kiondolewe farasi angali anakitaka, na kwamba mbuzi asionewe huruma. Gumato alikuwa amefika na kibuyu kipya cha safari, amesimama kando na mtandio umefunika nusu ya uso.

Jairus alikumbuka ule mngurumo wa sauti ya mzee bandani kila alasiri. Akauliza saisi wa huko aambiwe amsimulie farasi nini.

"Aseme ya kwake," Molu alijibu. "Ya kwangu amesikia yote."

Gumato alielewa Kiswahili kuliko alivyokizungumza. Aliinua uso akamtazama mumewe, na alipofungua mdomo ilikuwa kwa Kiorma, taratibu, bila utani hata chembe:

"Farasi amesikia yote. Mimi je?"

Jairus hakujua Kiorma vizuri. Alingoja kalamu imeinuliwa, akidhani ni la kuandikwa. Molu akamwambia karani barua imekwisha, akampokea mkewe kibuyu, akampa dereva. Lori likaondoka, kichwa cha Meja kikionekana juu ya mbao mpaka kwenye kona ya vichaka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Molu mbele na Gumato nyuma, kisha kwa sababu ya mazungumzo wakawa wanakwenda sambamba. Molu alianza na Dimtu. Walipofika kwenye maduka Gumato alikuwa amekwisha kumsahihisha mara mbili: Gurati hakuwa bintiye Burre, alikuwa dada yake, na yule aliyekufa wa mwisho hakufa asubuhi. Yeye Gumato ndiye aliyekuwa amemshika kichwa, na ilikuwa jioni.